Fanyeni Mnavyoona

Chukua logbuku ya gari lolote Kenya uisome polepole. Utakuta namba ya usajili, namba ya chesi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi, mwaka wa kutengenezwa. Ukibadilisha injini unatakiwa uwaarifu NTSA. Ukipaka rangi nyingine, vilevile. Giaboksi haimo. Unaweza kuitoa ile iliyokuja na gari, ukaweka nyingine, kesho ukaweka ya tatu, na mbele ya serikali gari lako ni lile lile, halijaguswa.

Kimya hicho cha logbuku kimenisumbua tangu mwaka jana, tulipoanza kubishana kule Bura kuhusu pikapu ya Mjomba.

Pikapu yenyewe ni Landrova Series IIA, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya lita 2.25. Aina hiyo ilitengenezwa kati ya 1961 na 1971. Mjomba aliinunua mnadani kabla sijazaliwa. Kwa wasiopajua Bura: ukitoka Voi ukashika barabara ya Taveta, unapita Mwatate na mikonge yake, milima ya Taita ikiwa mkono wa kulia, kisha unafika. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1892, na kuna reli ambayo Waingereza walianza kuijenga mbio mbio 1915 ili wakapigane na Wajerumani upande wa pili wa mpaka. Barabara kuu ni lami safi. Shida inaanza ukiiacha lami, kwa sababu mashamba ya watu yako juu, na njia ya kwenda juu ni mawe, makorongo na kona ambazo hata mbuzi huzifikiria mara mbili.

Sasa, giaboksi ya IIA. Ina gia nne za mbele, na sinkro (zile pete zinazosawazisha mzunguko kabla meno hayajashikana) ziko kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Ya kwanza na ya pili hazina. Kwa mtu aliyejifunzia Probox hii ni hadithi tu mpaka siku ajaribu. Uko mlimani, umebeba mzigo, gari linaishiwa pumzi kwenye gia ya pili, unataka kurudi ya kwanza. Unakanyaga klachi, unaweka fri, unaachilia klachi, unapiga mafuta kidogo ili injini izungushe shafti ya ndani ifikie kasi inayotakiwa, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza ya kwanza. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya. Ukichelewa gari limesimama, na likisimama pale linaanza kurudi nyuma. Ukikosea kasi, meno yanasagana na kijiji kizima kinakusikia.

Mjomba hahesabu hatua hizo. Anasikiliza. Husema gia ya kwanza hailazimishwi, inaitwa, na ikiwa tayari itaitika. Nilipokuwa mdogo nilikaa katikati ya kiti nikidhani anaongea na gari. Nikikumbuka sasa, kweli alikuwa anaongea nalo.

Kwa zaidi ya miaka 40 yeye ndiye aliyekuwa dereva. Simaanishi dereva wa pikapu ile peke yake. Upande ule wa mlima, kama una kabichi za kupeleka Voi, kama unaleta simenti, kama una mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Wesu, ulikwenda kwake. Ulifika, ukasalimia, ukapewa chai, ukauliza habari za goti lake, kisha ukaeleza shida yako. Naye akanyamaza kidogo, akaangalia angani kana kwamba mvua ndiyo itakayoamua, akasema haya.

Goti lile ndilo lililoleta maneno. Goti la kushoto, mguu wa klachi. Kwa giaboksi ile kila kurudi gia ya pili au ya kwanza ni kukanyaga mara mbili, na klachi ya IIA si laini. Alipofika miaka 74 alikuwa akirudi kutoka Voi anashuka kwa kushikilia mlango.

Usiku mmoja mwaka jana, Mjomba akiwa Mombasa kwa ajili ya goti hilo hilo, uchungu ulimshika jirani anayeishi juu. Pale bomani kulikuwa na vijana watatu, wote na leseni halali. Waliwasha Landrova vizuri. Walifika kona ya kwanza yenye mwinuko, gia ya pili ikashindwa, ya kwanza ikakataa, gari likarudi nyuma likaegemea ukingo wa udongo. Yule mama alishuka mlima kwa boda boda, amebanwa kati ya mwendeshaji na mama mkwe wake, mpaka kwenye lami, wakapata Probox ya kwenda Voi. Mtoto alizaliwa salama, na amepewa jina la mwenye boda. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana naweza kulifikiria jambo hili kwa utulivu.

Binti ya Mjomba, ambaye mimi namwita dada, alisema wiki ile ile: tuweke giaboksi ya Series III. Ana sababu zake zaidi ya usiku ule. Analima kabichi na nyanya, anauza Voi, na amechoka kusubiri goti la baba yake lipoe ndipo kabichi zishuke. Series III ilianza 1971, na waliyoitengeneza waliweka sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Hapa kwetu Landrova zilikuwa zikiunganishwa Thika, kwa hivyo vipuri vyake bado vinaokotwa huku na huku. Mtu yeyote mwenye leseni anaweza kuiendesha bila kuwa mganga.

Niliweka picha ya pikapu mtandaoni nikiuliza kama kuna mtu ana giaboksi ya aina hiyo. Ndani ya saa moja jamaa mmoja wa Nairobi, mpenzi wa magari ya kale, akaniandikia: mnataka kuua gari. Eti IIA iliyobaki na kila kitu chake ni mali ya taifa, eti ikishabadilishwa giaboksi si IIA tena. Si yeye peke yake. Kuna watu wengi wa mawazo hayo na sidhani ni wajinga. Wanapenda kitu kama kilivyokuja duniani, na mapenzi hayo yameokoa vitu vingi ambavyo sisi tungevipeleka kwa chuma chakavu.

Lakini kama ni uasilia, tuulize vizuri. Landrova ya kwanza ya majaribio, mwaka 1947, ilijengwa juu ya chesi ya Jeep ya Marekani. Bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa kwa mgao. Gari hili limezaliwa kwa kuunga-unga. Na kampuni iliyolibuni ndiyo hiyohiyo, 1971, iliyoamua kwamba gia ya kwanza na ya pili zinahitaji sinkro. Sasa wewe wa Nairobi unalinda kitu gani ambacho wenyewe walikirekebisha?

Wanafalsafa wana meli yao ya Theseus, ile anayoisimulia Plutarch: mbao zikibadilishwa moja moja mpaka zote ziishe, je, ni meli ile ile? Nililisoma chuoni, nikapenda. Siku hizi naona ni swali la watu waliosimama bandarini. Hakuna anayemuuliza aliyemo ndani, baharini, usiku.

Na milimani kwetu swali hilo lilikuwa na jibu lake kitambo. Zamani Wataita waliwazika wazee wao, na baada ya muda wakalifungua kaburi, wakatoa fuvu na kulipeleka kwenye pango la ukoo kukaa na wenzake. Mapango hayo yapo hadi leo. Mwili uliobaki uliachwa udongoni. Yaani walikwisha kuamua ni sehemu gani inayombeba mtu, na nyingine waliiacha bila kulia kwamba mzee amepungua. Serikali imeamua kwamba ndani ya gari sehemu hiyo ni chesi na injini. Jamaa wa mtandaoni ameamua ni kila nati. Kwa upande wangu, nilipotulia nikagundua kwamba gari silo lililokuwa linanikosesha usingizi.

Kilichonikosesha usingizi ni sentensi moja ya Mjomba. Dada alipomweleza mpango, alisema: "Mkiitoa hiyo, mimi nitakuwa abiria."

Hapo ndipo swali lilipo, na sijaona likiulizwa na wapenzi wa magari wala na wapenzi wa maendeleo. Kuna maarifa ambayo thamani yake yote inategemea ubovu wa kifaa. Kifaa kikitengenezwa, maarifa hayakosolewi, hayashindwi, yanakosa tu mahali pa kukaa. Na mwenye maarifa hayo hajafukuzwa na mtu. Anaamka asubuhi moja anakuta hakuna anayebisha hodi. Ile chai, yale maulizo ya goti, kule kuangalia angani kabla ya kusema haya, vyote vilikuwa vinashikiliwa na gia mbili zisizo na sinkro. Je, tuna haki ya kumfanya mtu asihitajike kwa sababu sisi tunataka kurahisishiwa?

Rafiki yangu mmoja alinijibu haraka: heshima ya kweli haitegemei mtu anahitajika au la. Sawa, ni jibu zuri la kuandika kwenye kadi. Lakini wazee ninaowajua hawaishi kwenye kadi. Kwa kijana wa Nairobi kuhitajika ni mzigo, simu inalia Jumapili. Kwa mtu wa miaka 74 ni karibu kila kitu kilichobaki. Hatuwezi kumnyang'anya halafu tumwambie kwamba kilichobaki ndicho muhimu zaidi.

Lakini pia siwezi kuacha kumfikiria yule mama kwenye boda. Heshima ya Mjomba ililipiwa na nani usiku ule? Ugumu wa kifaa ukimpa mmoja kiti, kuna mwingine anayesimama. Nikipima, nauona mzigo wa mama yule kuwa mzito zaidi, na sitaki kujifanya mizani ilikuwa sawa. Giaboksi ilipaswa kutoka. Lililobaki ni namna ya kuitoa, na hapa ndipo palipokuwa pagumu, maana Mjomba hakukataa. Alisema, "Fanyeni mnavyoona."

Wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye wazee unayajua maneno hayo. Kisarufi ni ruhusa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuyasikia akafurahi. Ni mlango ulioachwa wazi na mtu ambaye ameshatoka. Yanakupa uwezo wote na yanakuachia lawama yote. Baba anakuambia hivyo unapotaka kuacha chuo. Bibi anakuambia hivyo mnapotaka kuuza shamba. Na vijana tuna tabia ya kuyachukua kama yalivyoandikwa: si alisema tufanye? Tunafanya, na akinuna tunashangaa.

Dada alitaka kuyachukua hivyo. Mimi nikasema hapana, hiyo si ndiyo. Tukabishana sana, na sitaki mnione mimi ndiye mwenye hekima, kwa sababu yeye alikuwa na hoja nzito: akingojea ndiyo kamili kutoka kwa baba yake atangoja mpaka kabichi zichanue maua. Wazee wengine hujua kabisa kwamba kimya chao kinazuia. Kuheshimu kimya hicho milele ni kumpa mtu mmoja kura ya turufu asiyolazimika hata kuipiga.

Mkaza mjomba ndiye aliyetukwamua. Alimwuliza mumewe mezani, bila kuzunguka: "Unataka nini ndipo uiachie?" Hakumwuliza kama anakubali. Na Mjomba, ambaye kwa wiki mbili alikuwa hana la kusema, alikuwa na jibu tayari. Atakayeendesha baada yake ajifunze kwanza giaboksi ya zamani. Akishaweza kupanda mpaka juu bila kusaga gia hata moja, wabadilishe.

Dada alikataa papo hapo. Kwa nini afanye mtihani wa chuma kinachotolewa kesho? Nilimwelewa kabisa. Sisi ni kizazi kilichoambiwa tuwe na uzoefu wa miaka mitano ndipo tupewe kazi ya kuupata huo uzoefu. Tumekutana na wakubwa wengi maofisini wanaotutesa kwa sababu na wao waliteswa, na wanauita huo utesaji mafunzo. Ukiniuliza, nusu ya hayo ni kisasi kilichovaa tai.

Ila kuna kipimo kimoja ninachokitumia. Anayekutesa kwa ajili ya cheo chake hakai nawe wakati unateseka, anakuachia kazi na kwenda zake. Mjomba alikaa. Jumapili mbili, baada ya misa, walipanda ile njia ya mawe, goti likiwa limefungwa bendeji, yeye upande wa abiria kwa mara ya kwanza tangu anunue gari. Hakupiga kelele. Gia zilisaga, kijiji kilisikia, watoto walicheka. Dada aliweza kutoka ya tatu kurudi ya pili safi kabisa. Ya pili kurudi ya kwanza, kwenye kona ile ile, hakuweza hata mara moja bila sauti. Jumapili ya pili jioni Mjomba akasema, "Inatosha." Mimi sikuwapo. Dada anasema alilitamka neno hilo kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Kwenye Landrova hizi giaboksi haitolewi kwa chini kama magari mengi. Unafungua sakafu ya kebini, unaondoa kasha la viti, kisha unaipandisha kwa mnyororo kupitia ndani ya gari, ikiwa imeunganishwa na transfa yake, uzito wa mtu mzima aliyeshiba na zaidi. Fundi wa Mwatate alikuja na vijana wawili. Alituambia hizo giaboksi mbili ni ndugu wa tumbo moja wenye tabia tofauti: zinaingia mahali pamoja, lakini ile mpya inataka klachi yake kubwa zaidi, na silinda inayoisukuma haikai kwenye chesi kama ya IIA, inakaa kwenye giaboksi yenyewe. Kwa hivyo ni klachi mpya, bomba jipya, na siku nzima ya kutafuta bolti moja Voi. Mjomba alikaa kwenye kigoda akipanga nati kwenye vifuniko vya mikebe ya rangi, kila kifuniko na sehemu yake, akijua bila kuangalia kipi ni cha wapi. Fundi akamwita mwalimu. Kwa siku nne alihitajika kuliko alivyohitajika mwaka mzima, halafu ikaisha.

Ufunguo siku hizi unaning'inia kwenye msumari jikoni. Kabichi zinashuka Jumanne na Ijumaa. Mgonjwa akitokea, anayelala karibu ndiye anayeendesha. Haya ni mambo mema na nayasema bila kusitasita. Pia gari linarudi tangi likiwa tupu, kioo kimoja kimepasuka na hakuna anayejua nani, na oili inapimwa Mjomba akikumbuka kuuliza. Kilichokuwa chake kimekuwa chetu, na mnajua kitu cha "chetu" kinavyotunzwa. Wageni wa chai wamepungua, ila wapo wachache ambao bado huenda kwake kwanza, wanakaa, wanauliza goti, ndipo wanaingia jikoni kuchukua ufunguo. Mkaza mjomba anawajua kwa majina wote wasiofanya hivyo.

Mwezi wa pili nilipanda nao kwenda juu. Dada akiendesha, mimi katikati, Mjomba dirishani. Kwenye kona ile dada alikanyaga klachi mara moja, akavuta gia ya kwanza, ikaingia bila kelele. Mguu wa kushoto wa Mjomba ulikanyaga sakafu. Ukaachia. Ukakanyaga tena. Dada aliona, na kona iliyofuata naye akakanyaga mara mbili, ingawa haikuwa lazima.

Giaboksi ya zamani iko stoo, imefunikwa gunia juu ya mbao mbili, namba yake ya kiwandani ikionekana vizuri kwa sababu kuna mtu anayeifuta. Yule jamaa wa Nairobi, baada ya kutuita wauaji, sasa anataka kuinunua, na bei aliyotaja ingelipa klachi yote na chenji ibaki. Dada alimwuliza baba yake wiki iliyopita kama tuiuze. Mjomba alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa.

"Fanyeni mnavyoona," akasema.

Jamaa amepiga simu mara tatu tangu hapo. Nimemwambia bado tunaongea na mzee.